Zilipendwa na Nani?

Leo napenda kuandika kuhusu nyimbo ninazozipenda, ingawa itanibidi nianze kwa kulilalamikia neno moja. Neno lenyewe ni "zilipendwa." Kila Mtanzania wa rika langu analifahamu: ndilo jina tunalozipa nyimbo za bendi zetu za dansi, tangu enzi za Cuban Marimba na Dar es Salaam Jazz hadi Mlimani Park na Vijana Jazz. Ukilitazama kisarufi, neno hili lina mambo mawili ya kutia mashaka. Limefunga wakati, kana kwamba mapenzi hayo yamekwisha na hayarudi. Tena liko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Zilipendwa na nani?

Nalishika neno hili kwa sababu ya hotuba. Siku hizi kila penye hadhara, iwe harusi, mahafali au mkutano wa siasa, hakosekani mzee (nami nimekwisha kuanza kuitwa mzee) wa kusimama na kuwaambia vijana kwamba muziki wa zamani ulikuwa na mafunzo, na kwamba nchi ilikuwa na adabu kwa kuwa nyimbo zake zilikuwa na adabu. Wanasiasa wamelidaka jambo hili kwa furaha. Wanamtaja Mbaraka Mwinshehe, wanamtaja Marijani Rajab, wanatikisa vichwa kwa majonzi, kisha wanageuka kuwalaumu wanamuziki wa leo. Sasa nyimbo wanazozitaja ndizo nyimbo zangu. Nimekua nazo, na sijapata kuzichoka. Lakini ninapozisikiliza, sikumbuki nchi yenye adabu. Nakumbuka watu fulani katika siku fulani, na mara nyingi siku hizo hazikuwa njema.

Nilikulia Morogoro, mji ambao kwa muda fulani ulishindana na Dar es Salaam katika muziki. Palikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na palikuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, kabla sijazaliwa, lakini ushindani ule nilizaliwa nikaukuta. Baba alikuwa mtu wa Cuban, mama alikuwa mtu wa Jazz, na mambo hayo yalijadiliwa nyumbani kama wengine wanavyojadili Simba na Yanga. Mama alipenda kukumbusha kwamba Morogoro Jazz ndiyo iliyokwenda Japani, kwenye maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970. Hoja hiyo ilikuwa kubwa, na baba hakuwa na jibu lake zaidi ya kusema kwamba marehemu angekuwa hai angekwenda yeye.

Redio ilikuwa moja, National ya bendi tatu, imevalishwa kitambaa alichokifuma mama kwa mkono. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na mahindi. Ilikuwapo stesheni moja pia, Redio Tanzania Dar es Salaam. Vijana huniuliza tulichaguaje nyimbo, nami huwaeleza kwamba hatukuchagua. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Zilifyatuliwa Nairobi, na kati ya mwaka 1977 na 1983 mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa. Bendi iliyotaka kusikika ilikwenda kurekodi katika studio ya redio ya taifa, mashairi yakapitiwa kwanza, na mkanda ukabaki hapohapo. Kwa hiyo wimbo ulitufikia sote saa moja, siku moja. Nikikutana leo na mtu wa rika langu kutoka Kigoma au Mtwara, tunaweza kukumbuka wimbo uleule tulipokuwa tukingoja chakula cha mchana, kila mmoja kwao. Hilo lina uzuri wake, nami sitalikana. Ila halikutokana na sisi kupenda kitu kimoja. Lilitokana na kuwapo kitu kimoja.

Mbaraka alifariki tarehe 12 Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Nakumbuka redio ikipiga nyimbo zake, na wimbo wa "Shida" ulipofika, wanawake wa uani kwetu waliacha walichokuwa wakifanya. Mama alilia. Mama mkubwa, dada yake, alilia zaidi, akakaa chini kabisa, akatandaza miguu kama mtu aliyefiwa na wa tumboni mwake. Nilishangaa, maana nilivyojua mimi mpenzi wa Mbaraka alikuwa mama. Mama mkubwa hakujali muziki hata kidogo. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Miezi michache kabla, majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera, na mtoto wake wa kwanza alikuwa amekwenda vitani. Habari zake hazikuwapo. Kwa desturi zetu, kumlilia mtu ambaye hujaambiwa kwamba amekufa ni kumtakia mabaya. Kwa hiyo mama mkubwa alikuwa amekaa wiki nyingi na kilio ambacho hakuruhusiwa kukitoa, hata redio ilipomletea marehemu ambaye nchi nzima iliruhusiwa kumlilia.

Kaka yetu yule alirudi mzima. Haongei sana kuhusu Uganda. Nyimbo za vita zikipigwa redioni siku za kumbukumbu, huinuka akaenda kuangalia mifugo.

Ya mwaka 1984 nayapita upesi, kwa sababu wengi wa wasomaji wangu wanayo ya kwao. Tarehe 12 Aprili Edward Sokoine alipopata ajali Dakawa, mkoani kwetu, tulijua kuna jambo kabla hatujaambiwa, kwa kuwa redio iliacha vipindi vyake ikaanza kupiga muziki wa maombolezo peke yake. Tulikuwa tumejifunza kuisoma redio kama wavuvi wanavyolisoma wingu. Hadi leo nikisikia kinanda cha kanisani mchana wa siku ya kazi, moyo hunipiga.

Nyimbo za mama zilikuwa aina nyingine. Alipenda sauti ya Shakila wa Tanga, hasa "Macho Yanacheka," na aliuimba wimbo huo kwa sauti ya chini akiwa katika foleni ya sukari. Mwaka 1983 foleni zilikuwa ndefu. Watoto tulipangwa asubuhi na mapema kushika nafasi, kila mmoja na jiwe lake au kikapu chake, na mama alipokuja kutupokea tuende shule alikuja akiimba. Wazee wa hotuba wanaosema nyimbo zile zilitufundisha subira wasinitajie subira. Mimi niliiona ilivyokuwa inaimbwa, na aliyekuwa akiiimba alikuwa amekasirika.

Sasa nifike kwenye wimbo ambao ndio hasa ulionifanya niandike.

Mjomba wangu mdogo alikuwa dereva wa lori. Safari zake zilikuwa za Dar es Salaam hadi Tunduma, na Morogoro ikiwa njiani, alilala kwetu mara mbili kwa mwezi. Ujio wake ulikuwa sikukuu. Alileta mchele wa Mbeya, alileta habari, na zaidi ya yote alileta kaseti, kwa kuwa lori lake lilikuwa na redio kaseti na yeye hakuweza kuendesha kimyakimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuja na kaseti ya Remmy Ongala. Remmy tulimjua. Alikuwa mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, na akiwa na bendi yake ya Super Matimila alikuwa akiimba habari za wanyonge kwa namna ambayo hakuna Mtanzania wa kuzaliwa aliyethubutu. Wimbo wake wa "Kifo" ulikuwa umekwisha kuingia katika kila nyumba. Lakini kaseti hii ilikuwa na wimbo ambao haukupigwa redioni. Uliitwa "Mambo kwa Soksi."

Kwa msomaji kijana nieleze kwamba soksi lilikuwa jina la mtaani la kondomu. Remmy alikuwa akiwaambia watu watumie kondomu, wazi kabisa, kwa gitaa tamu, wakati ugonjwa ulikuwa umetimiza kama miaka saba au minane tangu wagonjwa wa kwanza nchini wathibitishwe mkoani Kagera mwaka 1983. Wakubwa waliona wimbo unachochea uasherati. Haukupigwa, lakini ulisambaa kwenye mabasi, kwenye vilabu, kwenye vibanda vya kurekodia kaseti, na kwenye malori.

Mjomba aliupiga wimbo ule akiwa ameegesha lori mbele ya nyumba, milango yote miwili wazi, vijana wa mtaa tumeuzunguka. Tuliucheza. Tulicheka mno. Yeye mwenyewe alikuwa akiuimba kwa ghibu, na alipofika penye neno lenyewe alipiga honi. Mama alitoka ndani na mwiko mkononi akamwambia azime upuuzi huo mbele ya watoto, na mjomba akajibu, "Dada, huyu ndiye mwalimu peke yake anayesema kweli nchi hii." Tukacheka tena.

Mjomba alifariki mwaka 1993. Kwanza aliacha kuendesha, kisha akahamia kwetu, akawa analala katika chumba ambacho zamani alilala usiku mmoja mmoja. Ilisemwa ni kifua. Baadaye ilisemwa kuna mtu huko Tunduma aliyemfanyia jambo. Neno lenyewe halikutamkwa nyumbani kwetu, si kabla ya mazishi wala baada yake, na siku ya matanga alipokuja utingo wake kuleta begi lililobaki katika lori, nguo zilikuwa chache na kaseti zilikuwa nyingi. Mama aligawa nguo. Kaseti akazigawa pia, isipokuwa ile moja. Niliikuta miaka mingi baadaye katika sanduku lake la bati, imefungwa kwa kipande cha khanga, na juu ya karatasi yake kuna mwandiko wa mjomba: "Remmy. Usiazime."

Nimejiuliza mara nyingi kuhusu jambo hili. Mtu aliyekuwa na wimbo ule masikioni kutoka Kibaha hadi Tunduma na kurudi, aliyeujua neno kwa neno, aliyemwita mwimbaji mwalimu wake, alikuwa akisikia nini? Huenda aliamini, akawa ameamini akiwa amechelewa. Wapo wenzangu wa taaluma za afya ambao watanieleza kwa takwimu kwamba taarifa peke yake haibadilishi tabia, na sina ugomvi nao. Ninalolijua ni kwamba palikuwa na somo moja la kuokoa watu katika muziki wote wa zama zile, na somo hilo ndilo lililozuiwa kupita hewani, likaachwa lipite kwenye malori kama magendo, likiwafikia watu likiwa tayari limegeuka kuwa kichekesho kwa sababu jambo la siri huchekwa kwanza. Wanaotuambia kwamba muziki wa zamani ulikuwa na mafunzo hawautaji wimbo huu. Nimesikiliza hotuba nyingi, nikingoja.

Remmy alifariki mwezi Desemba 2010. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa ameokoka na akiimba nyimbo za dini. Pale Sinza alipoishi, makondakta wa daladala bado wanaita kituo kwa jina lake, "Kwa Remmy," na abiria wengi wanaoshuka hapo hawajui aliimba nini. Sisemi hili kwa kulaumu. Jina la kituo ni heshima kubwa kuliko sanamu, maana sanamu haitamkwi mara mia kwa siku.

Tena tusidhani habari ya kupima wimbo kabla haujapigwa iliishia huko. Mwaka 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake wa "Wapo," halafu Rais akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Watu walishangilia. Mimi nilibaki nikijiuliza ni wimbo wa namna gani huo ambao kufungwa kwake na kufunguliwa kwake kote kunategemea wakubwa, na nikakumbuka kwamba huo ndio urithi tuliourithi kutoka zama za zilipendwa, pamoja na magitaa.

Nimebakiwa na wimbo wa baba, ambao kwa kweli si wimbo mmoja bali ni bendi nzima.

Baba aliingia kazini mwaka 1966, kwanza kama karani katika shamba la mkonge, baadaye katika kiwanda kimoja pale mjini ambacho sitakitaja. Kila mwezi alikatwa ada ya chama cha wafanyakazi, NUTA, apende asipende. Na NUTA kilikuwa na bendi: NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, mwaka uleule wa kuundwa kwa chama chenyewe. Kwa baba hesabu ilikuwa rahisi. Kwa kuwa yeye alikilipa chama, na chama kiliwalipa wanamuziki, bendi ile ilikuwa yake. Alipenda Cuban Marimba kwa moyo, lakini NUTA Jazz aliisikiliza kama mwenye mali. Mpiga tarumbeta akikosea noti, baba alilalamika kwa sauti, kama mtu anayemkemea kibarua. Alipokuwa na furaha alituambia watoto, "Muhiddin anakula pesa yangu," akimaanisha Muhiddin Gurumo, na alisema hivyo kwa fahari tupu.

Jambo hili halikuwa la ajabu kwa wakati ule. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima, polisi walikuwa na yao, kiwanda cha Urafiki kilikuwa na yake. Mwanamuziki alikuwa na mshahara na mwajiri, na alipotunga wimbo wa mapenzi Jumatatu huenda Alhamisi aliombwa wimbo wa kampeni. Nimewahi kuwasomea wanafunzi orodha ya bendi hizo na wamiliki wake, wakacheka, wakadhani nawatania.

Chama kikabadilika kuwa JUWATA mwaka 1978, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kikawa OTTU mwaka 1991, bendi ikawa OTTU Jazz. Ukitaka kujua historia ya wafanyakazi wa nchi hii, huhitaji kuanza na vitabu. Fuata majina ya bendi yao. Hatimaye bendi ikabaki peke yake, ikijitegemea kwa kiingilio cha mlangoni, kwa jina la Msondo Ngoma.

Kiwanda cha baba kilifungwa katikati ya miaka ya 1990. Wafanyakazi waliambiwa wangoje mafao yao. Baba alingoja akiwa na makaratasi katika mfuko wa rambo, akiyapeleka na kuyarudisha, akiambiwa kila mara kwamba jalada liko kwa fulani na fulani yuko safarini. Alizeeka katika safari hizo. Redio siku hizo zilikuwa nyingi, Radio One ilikwisha kuanza tangu mwaka 1994, na nyimbo za NUTA sasa zilipigwa Jumapili katika vipindi vya kumbukumbu, watangazaji vijana wakiziita tamu, wakisimulia jinsi enzi zile zilivyokuwa tulivu. Baba alikuwa akisikiliza na mfuko wake umening'inia kwenye msumari ukutani, juu ya redio.

Mwaka 2003 alikuja Dar es Salaam kunitembelea, na Jumamosi nikampeleka kwenye ukumbi ambako Msondo walikuwa wakipiga. Hakuwa amewahi kuwaona kwa macho. Tulipofika mlangoni kijana wa tiketi akataja kiingilio, na baba akakataa. Nilidhani anaona bei ni kubwa, nikaanza kutoa pesa. Akanizuia mkono. Alitoa pochi yake, na ndani ya pochi akatoa kadi ya uanachama wa NUTA, imechakaa kingo, picha yake ya ujana imefifia hadi kubaki masikio na kola ya shati.

"Mwanangu," alimwambia yule kijana kwa upole, "bendi hii nimeilipia miaka ishirini na tisa."

Kijana aliigeuza kadi huku na huku, akaisoma kwa sauti, hakujua afanye nini. Foleni nyuma yetu ilianza kunung'unika. Akamwita mzee mmoja aliyekuwa amekaa ndani karibu na mlango, mtu wa bendi kwa jinsi alivyokuwa amevaa, ambaye aliipokea kadi, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo mzee mwenzangu," alisema hatimaye, akitania kidogo, kwa kuwa walionekana rika moja. "Na sisi mafao yetu hatujayaona."

Walicheka wote wawili, wakashikana mikono, wakaendelea kushikana kwa muda. Nililipa viingilio viwili. Baba alirudisha kadi katika pochi na kuingia mbele yangu, akachagua meza iliyo karibu kabisa na jukwaa, na alipokuja mhudumu aliagiza soda kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake. Gurumo alipopanda na kushika kipaza sauti, mtu mzima sasa, mwembamba, baba alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. Kisha akaniinamia sikioni ili asishindwe na vyombo.

"Huyo," aliniambia, "mshahara wake nilikuwa nalipa mimi."